Kinachofika kwenye kiungo: viambato vya mimea na baridi yabisi

Kijiko kimoja cha chai cha unga wa manjano kina uzito wa gramu 3 hivi. Ndani yake, kukumini, kile kiambato cha njano kinachosifiwa kila mahali, ni karibu asilimia 3 tu ya uzito huo, yaani miligramu 90 au pungufu. Majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa wa baridi yabisi yalitumia miligramu 500 na zaidi kwa siku, tena za kukumini iliyokwisha kusafishwa na kuandaliwa maalumu ili ipenye utumbo. Ukitaka kufikia miligramu 500 kwa unga wa kawaida, unahitaji gramu 16 au 17 kila siku, na sehemu kubwa ya hizo itapita tumboni na kutoka kama ilivyoingia. Anayekoroga kijiko kimoja kwenye maji ya moto kila usiku hajakosea, ila bado hajatumia kile kilichojaribiwa.

Hesabu ndogo kama hiyo ndiyo inayokosekana katika mazungumzo mengi kuhusu mimea na maumivu ya viungo. Watu hubishana kama mimea inatibu au haitibu, na pande zote mbili zinaruka maswali ambayo mfamasia angeuliza kuhusu dawa yoyote ile: ni kiasi gani, kinafika wapi mwilini, na kinazuia nini hasa. Swali la tatu ndilo zito kuliko yote, kwa sababu katika magonjwa haya maumivu yanaweza kupungua huku mfupa ukiendelea kuliwa.

Kwanza tutenganishe magonjwa, maana neno baridi yabisi hubebeshwa kila maumivu ya viungo. Kuna kusagika kwa gegedu, ambako huja zaidi na umri, uzito na majeraha ya zamani. Kuna jongo, ambalo ni fuwele za asidi ya yuriki zinazotuama ndani ya kiungo na kuwasha moto wa ghafla, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu. Na kuna baridi yabisi yenyewe, ambapo kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando laini unaozunguka kiungo kwa ndani. Utando huo hunenepa, hujaa chembe za kinga, na chembe hizo hutoa protini za ujumbe kama TNF na interleukini-6 zinazoita chembe nyingine zaidi. Utando ulionenepa hutambaa juu ya gegedu, huila, kisha huanza kuchimba mfupa pembeni. Hapa ninazungumzia zaidi ugonjwa huu wa tatu, na kidogo jongo. Ushahidi wa kusagika kwa gegedu haupaswi kuhamishiwa kwenye baridi yabisi, lakini ndivyo matangazo mengi yanavyofanya: utafiti ulihusu magoti ya wazee, lebo ya chupa inasema "kwa aina zote za maumivu ya viungo".

Kuna jambo la muda pia. Miezi 3 hadi 6 ya mwanzo wa baridi yabisi ina thamani ambayo haipatikani tena baadaye. Dawa inayotuliza kinga, mara nyingi methotreksati mara moja kwa wiki pamoja na asidi foliki, ikianza katika kipindi hicho, nafasi ya ugonjwa kutulia kabisa ni kubwa kuliko ikianza mwaka mmoja baadaye. Mfupa uliokwisha kuchimbwa haurudi kama ulivyokuwa. Kwa hiyo gharama kubwa ya mmea usiofanya kazi ni ile miezi sita mgonjwa aliyokaa akisubiri, hata kama kila kidonge alichomeza kilikuwa salama.

Mimea mingi hupata sifa yake ya kwanza maabara, na hapo inafaa kusimama kidogo. Mtafiti huchukua chembe za utando wa kiungo, anazimwagia kukumini, na TNF inashuka. Kiasi anachomwaga mara nyingi ni mikromola 10 hadi 50. Katika damu ya mtu aliyemeza hata gramu kadhaa za kukumini ya kawaida, kiasi kinachoonekana hukaa karibu na mikromola 1 au chini sana ya hapo, kwa sababu utumbo na ini huifunga haraka na kuigeuza kuwa kitu kingine kabla haijasambaa. Dawa iliyozima moto ndani ya bakuli la kioo huenda isifike kabisa kwenye goti kwa nguvu ile. Kukumini ina kasoro nyingine inayojulikana vizuri kwa wanakemia: hung'aa, hushikamana na protini nyingi ovyo, na huvurugika yenyewe ndani ya maji, kwa hiyo hudanganya vipimo vingi vya maabara vionyeshe kwamba inafanya kazi hata pale ambapo haifanyi.

Baada ya bakuli la kioo huja panya. Unaposoma kwamba panya walipona kwa miligramu 100 kwa kila kilo ya uzito, usizidishe moja kwa moja kwa kilo zako. Panya mdogo wa maabara huchoma dawa haraka kuliko binadamu. Kanuni ya kawaida ni kugawanya kwa 12.3. Miligramu 100 kwa kilo zinakuwa takriban 8 kwa kilo, na kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kama miligramu 570. Kisha angalia mambo mawili zaidi. La kwanza, je, panya walipewa dawa kabla ya ugonjwa kuanza au baada? Kuzuia ugonjwa uliopandikizwa ni rahisi kuliko kuutibu ukishashika, na hakuna mgonjwa anayekuja hospitalini siku moja kabla ya kuugua. La pili, je, walimeza au walichomwa sindano ya tumboni? Sindano hukwepa utumbo, na utumbo ndio kikwazo chenyewe kwa viambato vingi vya mimea.

Pamoja na hayo, mimea imeshatoa dawa za kweli za viungo, na njia ambazo dawa hizo zilipitia zinatufundisha mengi.

Gome la mti wa willow lina salisini, ambayo mwilini hugeuka kuwa asidi ya salisiliki. Kasisi Mwingereza Edward Stone aliandikia Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, kuhusu gome hilo na homa mwaka 1763, na mwaka 1897 Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer alitengeneza aspirini kwa kuibadilisha asidi hiyo ili isiumize tumbo sana. Watu husikia historia hiyo wakadhani gome lenyewe ni aspirini ya asili. Jaribio lililochapishwa mwaka 2004 kutoka Ujerumani liliwapa wagonjwa dondoo lenye miligramu 240 za salisini kwa siku, na halikuonyesha faida ya maana juu ya plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani yake, si kwa wenye baridi yabisi, si kwa wenye gegedu lililosagika. Kundi la baridi yabisi lilikuwa dogo, ni kweli. Lakini hata kama lingefaulu, salisilati ni kituliza maumivu. Haimzuii yule mchimbaji wa mfupa.

Kolchisini ina sura nyingine kabisa. Inatoka kwenye Colchicum autumnale, ilitengwa mwaka 1820 na wanakemia Wafaransa Pelletier na Caventou, na inafanya kazi kwa namna inayoeleweka: hushika tubulini, zile nguzo za ndani za chembe, hivyo chembe nyeupe za kinga zinashindwa kutembea kuelekea kwenye fuwele za jongo. Hata hivyo umbali kati ya dozi inayotibu na dozi inayoua ni mfupi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha njia ya zamani, jumla ya miligramu 4.8 ndani ya saa sita, na njia fupi ya miligramu 1.2 kisha 0.6 baada ya saa moja. Nafuu ilikuwa karibu sawa: asilimia 38 kwa dozi ndogo na 33 kwa kubwa, dhidi ya 16 kwa plasebo. Kuhara kuliwapata asilimia 77 ya waliotumia dozi kubwa na 23 ya waliotumia ndogo. Kuongeza dozi hakukuongeza nafuu, kuliongeza sumu tu.

Hii ndiyo sababu hakuna anayepaswa kuchemsha mmea wenye kolchisini nyumbani. Ua la Gloriosa superba, zuri la rangi nyekundu na njano, lina kolchisini pia, na mizizi yake minene imeua watu walioidhania kuwa kiazi. Kiasi cha kolchisini hubadilika kulingana na sehemu ya mmea na msimu, na kwa dawa yenye nafasi finyu namna hii, kijiko cha kukadiria ni kamari. Hata ile ya kidonge huwa hatari ikikutana na klarithromaisini au siklosporini, kwa sababu dawa hizo huzuia mwili kuitoa.

Sasa mmea ambao, kwa maoni yangu, una ushahidi mzito kuliko yote katika baridi yabisi, na ambao pia unanitia hofu kuliko yote: Tripterygium wilfordii, mtambaazi unaojulikana China kama lei gong teng. Viambato vyake vikuu ni triptolidi na selastroli. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waliwapa wagonjwa 121 ama miligramu 60 za dondoo la mzizi mara tatu kwa siku, ama sulfasalazini, dawa ya kawaida ya baridi yabisi, gramu 1 mara mbili kwa siku, kwa wiki 24. Kati ya waliofika mwisho, asilimia 65 ya kundi la mmea walipata nafuu ya angalau asilimia 20 kwenye vipimo vya ugonjwa, dhidi ya asilimia 33 ya kundi la sulfasalazini. Ila walioacha njiani walikuwa wengi katika makundi yote mawili, na jambo hilo linapunguza uzito wa tarakimu hizo. Mwaka 2014 jaribio la China lenye wagonjwa 207 lililinganisha methotreksati ya miligramu 12.5 kwa wiki, dondoo la mmea la miligramu 20 mara tatu kwa siku, na vyote viwili pamoja. Waliopata nafuu ya angalau asilimia 50 walikuwa asilimia 46, 55 na 77 kwa mfuatano huo.

Tarakimu hizo ni za kweli na zinastahili heshima. Tatizo ni bei yake mwilini. Mmea huu husimamisha hedhi, na kwa baadhi ya wanawake, hasa wanaokaribia ukomo wa hedhi, hairudi tena. Kwa wanaume hupunguza mbegu za uzazi. Unaweza kushusha chembe za damu na kuumiza figo na ini. Ngozi ya mzizi, majani na maua ni sumu kali. Dondoo la hospitalini hutolewa kwenye mzizi uliomenywa, na mtu anayechemsha mzizi mzima na ngozi yake anachemsha kitu kingine kabisa. Utaona pia kwamba dozi ya jaribio la kwanza ilikuwa miligramu 60 na la pili 20, mara tatu kwa siku zote mbili. Hayakuwa madondoo ya aina moja, na miligramu ya moja hailingani na miligramu ya nyingine. Kidonge kilichonunuliwa mtandaoni bila kuonyesha kiasi cha triptolidi hakiwezi kulinganishwa na jaribio lolote. Ninachosema ni kwamba huu ni mmea wa kutumiwa chini ya daktari anayepima damu mara kwa mara, au usitumiwe kabisa. Nafasi ya katikati haipo.

Mafuta ya mbegu yenye asidi ya gama-linoleni ni upande wa pili wa mizani: nguvu ya wastani, hatari ndogo. Mwili huigeuza asidi hii kuwa vitu vinavyopunguza kasi ya uvimbe, vikishindana na vile vinavyotokana na asidi ya arakidoni, ambavyo huchochea uvimbe. Jaribio la mwaka 1993 lilitumia gramu 1.4 za asidi hii kwa siku kwa wiki 24 kwa wagonjwa 37, na viungo vyenye maumivu vikapungua kwa asilimia 36. Jaribio la mwaka 1996 lilipanda hadi gramu 2.8. Hapa ndipo watu hukosea hesabu. Gramu 1.4 si uzito wa mafuta, ni uzito wa asidi iliyomo ndani ya mafuta. Mafuta ya mbegu za boraji yana asilimia 20 hadi 24 ya asidi hiyo, kwa hiyo unahitaji kama gramu 6 hadi 7 za mafuta, vidonge sita au saba vya gramu moja kila siku. Mafuta ya primrosi ya jioni yana asilimia 8 hadi 10, na yangehitaji vidonge 14 hadi 18. Anayemeza kimoja kwa siku na kusema hayafai hajayajaribu. Chagua mafuta ya boraji yaliyothibitishwa kuondolewa alkaloidi za pirolizidini, ambazo huharibu ini, yaweke mahali pa baridi na giza kwa sababu huchacha upesi, na uvumilie miezi mitatu hadi sita. Ukiacha, faida nayo huondoka.

Ubani wa Boswellia serrata umeelezwa vizuri kikemia: asidi zake za bosweli huzuia kimeng'enya cha 5-lipoksijenazi, njia ambayo dawa nyingi za maumivu hazigusi. Kwa kusagika kwa magoti kuna majaribio ya kutia moyo. Kwa baridi yabisi, jaribio la Ujerumani la mwaka 1998 kwa wagonjwa 37 halikuona tofauti na plasebo. Anayetaka kuutumia bado ajue kwamba asidi hizi huyeyuka kwenye mafuta, na zikimezwa tumbo likiwa tupu huingia kidogo sana kwenye damu. Zimezwe pamoja na mlo wenye mafuta.

Kapsaisini ya pilipili kali haizimi uvimbe hata kidogo, na ni vizuri hilo lisemwe waziwazi. Huchosha mishipa midogo ya fahamu inayopeleka habari ya maumivu. Krimu ya asilimia 0.025 hupakwa mara tatu au nne kwa siku. Siku za mwanzo huchoma, na wengi huiacha hapo hapo, wakati faida huja baada ya wiki mbili au zaidi za kupaka bila kuruka. Kwa vidole, iache dakika 30 kisha unawe kwa sabuni kabla hujagusa macho. Usipake kwenye ngozi iliyochubuka. Kwa kiungo kimoja au viwili vinavyosumbua wakati ugonjwa kwa jumla umeshatulizwa, ni msaada wa kweli.

Tangawizi, kwesetini, risveratroli na makucha ya shetani, yaani Harpagophytum, nitazipita haraka. Baadhi zina majaribio madogo ya wiki nane au kumi na mbili, vipimo vya damu vikashuka kidogo, maumivu yakapungua kidogo. Hakuna hata moja ambayo imeonyesha kwa picha za eksirei kwamba mfupa umeacha kuliwa.

Turudi kwenye manjano, maana ndiyo yanayotumiwa zaidi. Piperini ya pilipili manga huongeza kukumini inayoingia kwenye damu. Jaribio la mwaka 1998 lilitumia miligramu 20 za piperini pamoja na gramu 2 za kukumini, na ongezeko likawa asilimia 2,000. Tarakimu hiyo inapendwa sana na wauzaji. Kumbuka ilianzia karibu na sifuri. Muhimu zaidi, piperini huongeza kwa kufunga mlango ambao ini na utumbo hutumia kutoa vitu, na mlango huo haukuwekwa kwa ajili ya kukumini peke yake. Dawa kama fenitoini, propranololi na theofilini nazo hupanda kwenye damu. Na tangu maandalizi yanayopenya vizuri yalipoenea, taarifa za ini kuumia zimeongezeka. Mtandao wa watafiti wa Marekani unaofuatilia ini lililoumizwa na dawa ulieleza wagonjwa 10 waliodhuriwa na manjano. 7 kati yao walikuwa na aina moja ya jeni la kinga, HLA-B*35:01, na 1 alifariki. Ni wachache kwa wingi wa watumiaji, lakini kwa mtu anayemeza methotreksati, ambayo nayo hupimiwa ini, jambo hili lina uzito wa pekee: vimeng'enya vya ini vikipanda, daktari hajui amshike nani, na mara nyingi dawa inayolinda viungo ndiyo husimamishwa kwanza.

Salisilati za gome la willow zina ugomvi wao na methotreksati, kwa sababu hupunguza uwezo wa figo kuitoa. Mmea wa Mtakatifu Yohana (St John's wort), Hypericum, ambao hutumiwa kwa huzuni na usingizi, huharakisha utolewaji wa tofasitinibu, dawa nyingine ya baridi yabisi, hadi ikose nguvu. Manjano, tangawizi na willow vikikutana na wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, huongeza uwezekano wa kutoka damu. Ekinasia na vingine vinavyouzwa kwa sifa ya kuamsha kinga havifai kabisa kwa ugonjwa ambao kinga yenyewe imeamka kupita kiasi; alfalfa ina L-kanavanini, ambayo imehusishwa na dalili zinazofanana na lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kushambulia mwili.

Kisha kuna kisicho mmea ndani ya chupa ya mmea. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu virutubisho vya viungo vilivyokutwa na diklofenaki na dekzamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Dekzamethasoni ni steroidi yenye nguvu. Mtumiaji anapata nafuu ya ajabu ndani ya siku mbili au tatu, uso unavimba na kuwa mviringo, sukari na shinikizo la damu vinapanda, na tezi zake za juu ya figo zinalala. Siku akiacha ghafla, anaweza kuanguka kwa udhaifu, kutapika na shinikizo kushuka mno. Kwa hiyo dawa ya mimea inayotuliza viungo vyote ndani ya siku tatu ni ya kutiliwa shaka kwa sababu hiyo hasa ya kufanya kazi upesi, na aliyeitumia kwa wiki kadhaa asiiache peke yake. Aende hospitalini nayo, apunguziwe kwa mpango.

Makosa ya jina nayo yameua. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, zaidi ya wanawake 100 walipata uharibifu wa figo baada ya kutumia vidonge vya kupunguza uzito ambamo Stephania tetrandra, mmea ambao tiba ya Kichina huutumia kwa maumivu ya viungo, ulibadilishwa na Aristolochia fangchi kwa sababu majina yao ya Kichina yanafanana. Baadhi yao walipata baadaye saratani ya njia ya mkojo. Lebo isiyotaja jina la kisayansi, sehemu ya mmea iliyotumika na kiasi cha kiambato kwa kila kidonge haitoshi kutegemewa. Maneno kama "dondoo 10:1" yanakuambia kilo kumi za mmea zimekuwa kilo moja. Hayakuambii kiambato ni kiasi gani. Kwa unga wa manjano, ongeza shaka juu ya rangi inayong'aa kupita kawaida, kwa maana kromati ya risasi imewahi kutumiwa kuyapaka, na risasi haionekani wala haina ladha.

Ukitaka kujaribu moja ya hivi pamoja na dawa zako, jaribu kwa namna itakayokupa jibu. Kabla ya kuanza, pima ESR na CRP, vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe mwilini, pamoja na vimeng'enya vya ini, figo na hesabu ya damu. Hesabu viungo 28 vinavyotumika hospitalini: mabega mawili, viwiko viwili, vifundo viwili vya mikono, mafundo kumi pale vidole vinapoungana na kiganja, mafundo kumi ya katikati ya vidole pamoja na ya vidole gumba, na magoti mawili. Andika vingapi vinauma ukibonyeza na vingapi vimevimba. Miguu haimo kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo iandike pembeni, maana ugonjwa huweza kujificha huko. Andika pia dakika za kukakamaa kila asubuhi tangu kuamka hadi vidole vifunguke. Anza kitu kimoja tu, kwa dozi iliyojaribiwa, bila kubadilisha dawa nyingine. Rudia vipimo vya ini baada ya wiki 4 na 8, na hesabu ya viungo baada ya wiki 12. Kipimo cha DAS28, alama ambayo daktari huikokotoa kwa hesabu ya viungo hivyo 28 pamoja na ESR au CRP, kikishuka kwa 1.2 au zaidi, hapo kuna mabadiliko ya kuzungumzia. Chini ya 2.6 ugonjwa umetulia. Maumivu yakishuka lakini viungo bado vimevimba na CRP iko palepale, ulichopata ni kituliza maumivu, na picha ya eksirei au altrasaundi ya mikono na miguu isiahirishwe.

Acha mara moja na upime ini ukiona macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai nzito, mwasho wa mwili mzima au kichefuchefu kisichoisha. Acha wiki mbili kabla ya upasuaji wowote. Anayepanga kupata mtoto, mwanamke au mwanamume, asiguse Tripterygium, na azungumze na daktari kuhusu methotreksati mapema, kabla ya mimba. Unapokwenda kliniki, beba chupa yenyewe pamoja na lebo yake. Jina ulilokariri linaweza kuwa la mimea mitatu tofauti.